Diskasi Si Mwoga, Ni Wewe Unayemtisha

Naam wasomaji wangu, wale waliokuja hapa leo kutafuta habari za seva na lugha za programu wanivumilie kidogo. Leo naandika juu ya samaki. Najua wengine mtauliza, huyu mwanaprogramu amepatwa na nini? Msiwe na wasiwasi. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba sijatoka nje ya uwanja wangu hata hatua moja.

Kuna usemi umeenea sana miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo, nao ni huu: diskasi ni samaki mwoga. Eti amezaliwa hivyo. Eti ukiosha tangi ni lazima akimbie, ajigonge kwenye kioo, ageuke mweusi na akatae chakula siku mbili, na wewe huna la kufanya ila kungoja apoe. Muuzaji atakwambia hivyo siku unaponunua. Fundi wa kuosha matangi atakwambia hivyo siku anapokuja na ndoo zake: "Mkubwa, usijali, hao ni kawaida yao." Na wewe, kwa kuwa umesikia maneno yale yale kutoka kwa watu wawili, unaamini.

Mimi siamini. Kwetu sisi tunaotengeneza programu ugonjwa huu tunaujua vizuri sana. Programu ikikwama, mwanaprogramu mvivu husema mtumiaji ndiye mjinga, hajui kubofya. Hachungulii kazi yake mwenyewe. Mfugaji wa diskasi naye hufanya vivyo hivyo, tena yeye ana bahati zaidi, maana samaki hawezi kupiga simu kulalamika. Nasema wazi kwamba woga wa diskasi wakati wa kusafisha tangi, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa na mtu anayesafisha. Na kitu kilichotengenezwa na mtu, mtu anaweza kukirekebisha.

Hebu kwanza tumjue huyu tunayemsingizia. Diskasi ni samaki wa jenasi Symphysodon, mwenyeji wa bonde la mto Amazon, Amerika Kusini. Alielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1840 na Johann Jakob Heckel, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Vienna. Ni wa familia moja na tilapia, yaani ni binamu wa ngege wetu wa Ziwa Victoria. Mwili wake ni wa mviringo na bapa kama sahani, na akikomaa hufika sentimita 15 hadi 20. Umbo hilo humfaa kupita katikati ya mizizi na matawi yaliyozama, kwenye maji yaliyotulia. Anapenda maji laini, ya asidi kidogo, yenye joto la nyuzi 28 hadi 30. Na ana jambo moja la ajabu: wazazi, baba na mama, huwalisha watoto wao kwa ute unaotoka kwenye ngozi yao. Shikeni neno hilo la ute, tutalirudia.

Sasa wale wanaosema diskasi hawezi kuvumilia mabadiliko waniambie kitu kimoja. Karibu na mji wa Manaus, katikati ya nchi yake ya asili, maji ya mto hupanda na kushuka kiasi cha mita 10 kila mwaka. Mita 10, ndugu zangu, ni urefu wa jengo la ghorofa tatu! Msitu mzima huzama, kisha hufunuka tena. Chakula hubadilika na maficho hubadilika. Diskasi ameishi humo tangu enzi na enzi. Tofauti ni kwamba maji hayo hupanda kwa miezi, si kwa dakika tano. Hakuna mkono mkubwa unaoingia kutoka juu, wala ndoo inayomwagwa kichwani pake. Kwa hiyo diskasi hagombani na mabadiliko. Anagombana na mshtuko.

Na mshtuko si mchezo. Samaki akitishwa mwili wake humwaga homoni iitwayo kotisoli, ile ile inayomwagika kwetu tukipatwa na hofu. Kwa muda mfupi inamsaidia kukimbia. Ikiwa juu kila mara, kinga ya mwili inashuka, hamu ya chakula inapotea na ukuaji unadumaa. Ndipo vijidudu ambavyo vimekuwamo tangini siku zote vinapata nafasi. Mwenye samaki anaona ugonjwa wiki mbili baadaye, anakimbilia dukani kununua dawa, wala haunganishi ugonjwa huo na Jumamosi ile ya ndoo na vurugu. Watu wengi wanaoacha kufuga diskasi huondoka wakiamini kwamba samaki hawa ni dhaifu, na pesa zao zimekwenda. Hilo ndilo linaloniudhi. Samaki anakufa, mfugaji anakata tamaa, na usemi wa "diskasi ni mwoga" unazidi kupata nguvu.

Haya, tuyataje makosa moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza ni kuosha tangi kama sufuria. Mtu anawavua samaki wote kwa wavu, anawatia kwenye karai, anamwaga maji yote, anasugua kioo, anasuuza changarawe mpaka zing'are, anaosha sponji ya chujio chini ya mfereji, halafu anajaza maji mapya na kuwarudisha samaki. Anasimama kando, mikono kiunoni, anajisifu. Tangi linametameta! Lakini tazama alichokifanya. Kwa kuwakimbiza na wavu amewakwangua ute, ule ambao ni ngao yao dhidi ya maradhi na, kwa wenye watoto, ni chakula cha familia. Kwa kuosha sponji kwa maji ya mfereji yenye klorini ameua bakteria waliokuwa wakifanya kazi usiku na mchana bila mshahara.

Bakteria hao ndio moyo wa tangi. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni ya hatari ndogo na ndiyo tunayoiondoa kwa kubadilisha maji. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba kazi ya pili hufanywa na Nitrobacter, mpaka mwaka 1998 watafiti wakaonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi wafanyakazi wenyewe ni jamii ya Nitrospira. Wanakaa kwenye sponji, kwenye changarawe na kwenye kuta. Hukua polepole, kwa hiyo ukiwaua leo utangoja wiki kadhaa wajae tena. Katika wiki hizo diskasi wako wanaogelea kwenye choo chao, wewe ukisema "wameshtuka tu, watapoa".

Kwa lugha ya kazi yangu, huyu ni mtu anayefuta diski nzima ya seva kila mwezi na kupanga mfumo upya kwa sababu ameona faili chache za takataka. Hakuna kampuni ingemwacha kazini hata siku moja. Lakini kwa samaki tunamwita mtu msafi.

Kosa la pili ni kinyume chake, na wanaolifanya hujiona wenye huruma. Hawa husema, "Kwa kuwa kubadilisha maji kunawatisha, mimi nawaacha watulie." Mwezi unapita, miwili inapita. Maji yanaonekana safi kwa macho. Lakini kazi ile ya bakteria hutoa asidi, na asidi hula ule uwezo wa maji wa kujizuia yasibadilike. pH inashuka mpaka 6 na chini ya hapo. Bakteria wenyewe wanazubaa, na amonia inaanza kujikusanya. Hapo mfugaji haoni dalili, kwa sababu katika maji ya asidi karibu amonia yote hukaa katika umbo la amoniamu, lisilo na madhara makubwa.

Kisha siku moja anapata hatia, anabadilisha nusu ya maji kwa mara moja, kwa maji ya mfereji au ya kisima yenye pH ya 8. Hapa ndipo kemia inapomcheka. Kwenye joto la nyuzi 28, maji yakiwa na pH ya 6, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata moja kwa elfu. Kwenye pH ya 7 ni chini kidogo ya asilimia 1. Kwenye pH ya 8 ni zaidi ya asilimia 6. Kila pH inapopanda kwa moja, sumu inaongezeka karibu mara kumi, ingawa jumla ya amonia haijaongezeka hata chembe. Samaki wanaanza kuhema juu ya maji, wengine wanakufa kabla ya asubuhi. Naye mwenye tangi anatangaza kwa majirani: "Mnaona? Nilisema! Kubadilisha maji ndiko kumewaua." Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kilichowaua ni ile miezi miwili ya kutobadilisha.

Kosa la tatu ni kutia maji ambayo si ndugu wa maji yaliyomo. Tufanye hesabu, maana hapa hesabu haiogopwi. Una tangi la lita 200, joto ni nyuzi 29. Ni Julai Nairobi, maji yaliyolala kwenye jerikani yana nyuzi 19. Ukitoa lita 20 na kutia lita 20 za maji hayo, tangi linashuka hadi nyuzi 28. Diskasi atavumilia. Ukitia lita 50, linashuka hadi 26.5. Ukitia lita 100, unafika nyuzi 24, yaani umemtoa mnyama wa joto la Amazon ukamwacha kwenye baridi ndani ya dakika kumi. Usiniambie hita itarekebisha. Kupasha lita 50 kwa nyuzi 10 kunahitaji nguvu ya karibu kilowati-saa 0.6, kwa hiyo hita ya wati 200 itahangaika karibu saa tatu, na hapo tumeomba Mungu stima isipotee.

Tena hayo ni ya joto tu. Maji ya mfereji yana klorini ili sisi tusiugue, na ni vyema iwe hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu hadi miligramu 5 kwa lita katika maji ya kunywa. Lakini tumbo letu si matamvua. Kwa samaki, hata sehemu ndogo ya miligramu moja inaunguza. Samaki anayeruka na kusugua ubavu kwenye changarawe baada ya kutiwa maji mapya haogopi kivuli chako. Anaungua! Ukiyaacha maji kwenye pipa lililo wazi siku nzima, huku pampu ya hewa ikiyavuruga, klorini ya kawaida huondoka. Kama wanaotibu maji wanatumia kloramini, hiyo haitoki kwa njia hiyo, na itabidi utumie dawa ya kuondoa klorini, ambayo mara nyingi ndani yake ni sodiamu thayosulfeti. Kloramini ikivunjwa huacha amonia kidogo, kwa hiyo ni heri chujio lako liwe hai. Unaona jinsi makosa haya yanavyoshikana mikono?

Na wa Mombasa wasidhani nimewasahau. Nyinyi baridi haiwasumbui sana, lakini visima vingi vya pwani vina chumvi. Diskasi ni mtoto wa maji laini. Jueni maji yenu kabla ya kumnunua.

Sasa nije kwenye hoja yangu kubwa, ile iliyonifanya niandike. Tuseme tangi lako linaongeza nitrati miligramu 5 kwa lita kila siku. Jirani wako anabadilisha asilimia 70 ya maji kila Jumamosi. Wewe unabadilisha asilimia 10 kila siku. Kwa wiki mmetumia lita sawasawa. Fanya hesabu mpaka mambo yatulie: jirani, nitrati yake hupanda hadi 50 kila Jumamosi asubuhi, halafu inaporomoka hadi 15 kwa saa moja. Wewe, yako hupanda hadi 50 na kushuka hadi 45. Kilele ni kile kile! Lakini samaki wa jirani wanarushwa pointi 35 kila wiki, na wako wanaguswa pointi 5 tu.

Atatokea mjuaji aseme, lakini wastani wa jirani uko chini. Ni kweli, na sitaficha. Kama unataka namba ya chini, badilisha asilimia 20 kila siku, utakuwa kati ya 25 na 20, na bado hakuna mrusho. Wazalishaji wa diskasi hubadilisha hata nusu ya maji kila siku kwenye matangi ya watoto, na samaki wao hukua vizuri. Mbona hao hawafi kwa hofu? Kwa sababu maji mapya yameandaliwa yakafanana na ya zamani, na kwa sababu jambo lenyewe hutokea kila siku. Wingi wa maji haukuwa tatizo hata kidogo.

Hapa ndipo wenzangu wa tarakilishi mtanielewa haraka. Zamani tulikuwa tunakusanya mabadiliko ya miezi sita, tunayatoa kwa pamoja usiku wa Ijumaa, kisha tunashinda Jumamosi na Jumapili tukizima moto. Tukajifunza, kwa machozi, kwamba kutoa mabadiliko madogo mara kwa mara ni salama zaidi. Likiharibika jambo, unajua ni lipi. Diskasi ni mfumo ulio hewani, una watumiaji ndani, na huwezi kuuzima. Mbona tunaukarabati kwa njia ambayo tumeikataa kazini?

Haya, mtu mzima hakosoi tu bila kuonyesha njia. Hivi ndivyo nasema ifanyike.

Anza na mwanga. Samaki hana kope, na mboni yake haijibani upesi kama yako. Kuwasha taa ya tangi ghafla kwenye giza ni kama kumulikwa tochi usoni ukiwa usingizini. Washa taa ya chumba kwanza, subiri robo saa, ndipo uwashe ya tangi, au uiache imezimwa kabisa wakati wa kazi. Simama mbele ya tangi dakika moja au mbili bila kufanya lolote, wakuone. Mtu anayetokea ubavuni na mkono juu anafanana na ndege mla samaki.

Kisha sauti. Sauti husafiri majini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaosoma kila mtikisiko. Ukiweka ndoo kwa kishindo juu ya kabati la tangi, umempigia ngoma masikioni. Weka ndoo sakafuni. Mfuniko wa kioo uinue, usiuburute. Watoto wanaogonga kioo waambiwe kwa upole, na wageni wazima wanaogonga kioo waambiwe bila upole.

Chomoa hita kabla ya kushusha maji, uiache ipoe robo saa, kwani hita ya kioo ikibaki hewani ikiwa moto inaweza kupasuka, na mkono wako umo majini. Chujio usilizime muda mrefu. Maji ya nyuzi 29 hubeba oksijeni chache, kama miligramu 7.7 kwa lita ukiwa usawa wa bahari, na Nairobi, karibu mita 1,700 juu, unapoteza karibu moja ya tano ya hiyo. Tangi lisilo na mwendo wa maji linaishiwa pumzi upesi, na samaki anayekosa pumzi huhangaika. Halafu utasema ameogopa!

Nyonya uchafu kwa mpira, taratibu, ukianzia upande ambao samaki hawapo, ukiwaachia njia ya kuhamia upande wa pili. Usiwafuate. Nusu ya sakafu leo, nusu wiki ijayo. Siku ya kusafisha sakafu usiguse chujio, na siku ya chujio usiguse sakafu. Sponji iminye ndani ya maji yale yale uliyoyatoa tangini, mara mbili tatu, basi. Kama ina rangi ya kahawia bado, vizuri, hao ndio wafanyakazi wako.

Kurudisha maji, usimwage kutoka juu. Tumia pampu ndogo na mpira mwembamba, au mimina juu ya sahani iliyoelea ili maji yaenee bila kishindo. Lita 40 zichukue dakika ishirini, si mbili. Wavu usiingie tangini ila kwa samaki mgonjwa anayehamishwa. Kazi hii ifanye saa ile ile, kwa vifaa vile vile, na chakula kije kama nusu saa baadaye, kila mara. Baada ya wiki chache utaona maajabu: ndoo ikitokea, samaki wanasogea mbele badala ya kukimbia nyuma, kwa sababu wamejifunza kwamba ndoo hufuatwa na mlo. Huyo ndiye yule mwoga wa kuzaliwa!

Na wasikae wawili au watatu. Diskasi ni samaki wa kundi. Wakiwa watano au sita, wakiwa na gogo la kujificha na karatasi ya rangi tulivu nyuma na ubavuni mwa tangi, wanajiamini. Ajabu ni kwamba samaki mwenye maficho ya uhakika hujificha kidogo zaidi.

Sasa neno kwa wanaprogramu wenzangu, maana nawajua. Mmeshaanza kufikiria kununua Arduino, pampu mbili na vihisi, mfumo ubadilishe maji wenyewe saa tisa za usiku huku mmelala. Polepole. Mashine haijui kuwa maji ni baridi usipoiambia, haijui kuwa yana klorini, na valvu ikikwama haitakuamsha. Kosa ulilokuwa ukifanya kwa mkono mara moja kwa wiki, sasa utalifanya kila usiku bila kuchoka. Kama mikono inakuwasha, tengenezeni vitu viwili tu kwa kuanzia. Kimoja, taa inayowaka polepole kwa nusu saa na kuzima hivyo hivyo. Cha pili, kipima joto kinachoandika namba kila dakika, kihisi kama DS18B20 kinatosha, kosa lake halizidi nusu nyuzi. Kiweke tangini, kingine kwenye pipa la maji mapya, na usifungue mpira mpaka namba mbili zikaribiane. Hapo teknolojia imemsaidia samaki. Mengine mengi yanamsaidia mwenye tangi kujisifu.

Najua pingamizi zilizobaki. "Mimi sina nafasi kila siku." Sawa, fanya mara mbili au tatu kwa wiki, lakini ratiba iwe ratiba. Dakika ishirini mara tatu ni saa moja, na ile Jumamosi ya karai na wavu ilikuwa inakula saa ngapi? "Maji yetu ni ya mgao, yanakuja siku moja kwa wiki." Basi wewe ndiye unayehitaji pipa kuliko wote. Yanapokuja jaza pipa la lita 200, tia pampu ya hewa, chota kidogo kidogo mpaka siku ya mgao irudi. Haba na haba hujaza kibaba. Mgao haukulazimishi kubadilisha yote siku hiyo hiyo, unakulazimisha kuhifadhi. "Sina mahali pa pipa." Ndugu yangu, kama huna nafasi ya pipa, huna nafasi ya diskasi. Kuna samaki wengi wazuri wanaostahimili zaidi, nenda kwa hao bila aibu. Ni heri kuliko kumlaza diskasi ubavu ukamwita mwoga.

Kwa hiyo nawaomba tuache usemi huu. Wauzaji waache kuusema, kwa sababu unawaondolea lawama siku samaki anapokufa. Mafundi waache, kwa sababu wanalipwa kwa kazi wanayoifanya kwa fujo. Nasi wafugaji tuache, kwa sababu samaki hakuomba kuletwa sebuleni kwetu. Wiki ijayo, unapochukua ndoo, tazama rangi ya samaki wako kabla na uitazame tena baada ya saa moja. Akiwa ameingia weusi na mistari imemtoka, usimwulize ana nini. Kagua joto, kagua klorini, kagua taa, kagua mkono wako.